Nani Atafungua Chungu?

Sirene ya mgodi ililia saa kumi na mbili asubuhi, na Bilonda alikuwa ameshawasha jiko. Wiki hiyo baba yake alikuwa kwenye zamu, poste ya usiku. Aliingia kazini saa nne usiku na kutoka alfajiri, kwa hiyo bukari yake, yaani ugali, ilibidi iwe tayari kabla hajavua viatu. Mama yake, Mama Mbelu, alisonga unga kwa nguvu huku akiangalia mlango. Juni ya Kolwezi ina baridi kali, na moshi wa majiko ya kambi nzima ulikuwa umelala chini, juu ya paa za nyumba.

Baba yake aliitwa Muamba. Alikuwa mtu wa Kasai, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akiendesha pele, ile mashine kubwa yenye ndoo ya chuma inayochota mawe ya shaba. Alimpenda sana binti yake, naye hakumwita Bilonda hata siku moja. Alimwita "mama", kwa sababu msichana huyo alibeba jina la mama mzazi wa Muamba, aliyebaki Kasai. Watoto wa jirani walicheka kumsikia mtu mzima mwenye ndevu akimwita mama msichana wa miaka kumi na miwili. Muamba hakujali, na Bilonda alishazoea.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: chungu kilifunguliwa na baba. Kabla Muamba hajamega tonge la kwanza, hakuna aliyetia mkono kwenye sahani, hata Simone, kitinda mimba aliyekuwa na miaka minne tu. Ni heshima nzuri. Taabu ni kwamba sheria hiyo ilitoka kijijini, mahali ambapo baba analala usiku na kuamka mchana. Kule mgodini baba alibadilisha poste kila wiki, na chungu kilimfuata.

Basi wiki ya poste ya usiku mambo yalikwenda hivi. Muamba alirudi alfajiri, akala bukari ya moto na sombe ya majani ya muhogo mpaka jasho likamtoka, akalala papo hapo. Saa sita mchana aliamshwa afungue chungu ili watoto wale. Alikuja macho yamefumbwa nusu, akamega, na akishamega ilimbidi ale, maana mume akionja tonge moja na kuondoka, mke atauliza chakula kina kosa gani. Saa moja jioni alikula tena kabla ya kwenda kazini. Usiku, mgodini, alifungua gamela, chombo cha chakula alichofungiwa na mkewe, nayo ilikuwa na bukari. Na wiki ya poste ya mchana, iliyoisha saa nne usiku, watoto walimngoja. Louis, mdogo wa Bilonda mwenye miaka minane, alisinzia juu ya mkeka na kuamshwa kwa kuvutwa sikio, na asubuhi yake Bilonda alipiga miayo darasani.

Muamba alinenepa. Mwanzoni watu walimsifu, wakasema mke wake anamtunza. Aliongeza tundu kwenye mkanda, kisha la pili. Akaanza kuhema akipanda ngazi ya pele. Mwezi wa nne alipima kilo tisini na sita. Siku moja alisinzia kwenye usukani, ndoo ya chuma ikabaki ikining'inia hewani imejaa mawe, mpaka watu wa chini walipopiga kelele. Hakuumia mtu, lakini daktari wa kambi alipata habari. Alimpima tena na kukuta kilo mia moja na moja, na damu ilikuwa ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi.

Daktari alitaka kujua Muamba anakula nini na saa ngapi. Kazi ya kuuliza alipewa muuguzi wa dispanseri, Ngoy Omer, mtu mwembamba wa kaskazini ya Katanga aliyekuwa na macho makali na maneno machache. Kwa kuwa Mama Mbelu hakujua kuandika na Muamba alikuwa amelala au yuko kazini, muuguzi alimpa Bilonda karatasi tatu, moja kwa kila wiki, maana poste zilikuwa tatu.

"Kila saa tata yako anatia chakula mu kinywa, unaandika," alimwambia. "Saa ya kweli. Usinipambie kintu."

Bilonda alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani, na alijua. Alirudi nyumbani akijivuna. Lakini alipokaa kuandika, mkono ulisita. Juma hilohilo Mwalimu Adolphine, aliyewafundisha wasichana kazi za nyumbani, alikuwa amechora ubaoni saa tatu kubwa: saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Alisema familia yenye utaratibu hula pamoja mezani kwa saa hizo. Wasichana wote walinakili. Bilonda alifikiria bukari ya alfajiri, baba akila kwa macho yaliyofumbwa, Louis akivutwa sikio saa nne usiku. Aliona haya. Nani angeandika mambo hayo kwa wino, yasomwe na daktari?

Akaandika saa za ubaoni. Saa moja, uji na mkate. Saa sita, bukari na samaki. Saa kumi na mbili, bukari kidogo na mboga. Wiki tatu zikafanana kabisa, bila doa. Muuguzi Omer alipozipokea alizitazama kwa muda mrefu, akasema mwandiko ni mzuri.

Jumatatu iliyofuata Muamba aliitwa kwa daktari. Alirudi akatundika kofia yake ya kazi ukutani, akakaa. Alimweleza mkewe taratibu. Daktari alisoma karatasi. Chakula cha huyu mtu, alisema, hakina kosa, na saa zake ni nzuri kuliko za daktari mwenyewe. Kwa hiyo unene huo ni ugonjwa uliojificha ndani. Alhamisi Muamba angepanda treni kwenda hospitali kubwa ya Elisabethville kupimwa, na hakuna aliyejua angekaa huko miezi mingapi. Pele ingepewa mtu mwingine.

Mama Mbelu alishika kichwa. Kila mtu kambini alijua kwamba nyumba zile za matofali zilikuwa za waendesha mashine. Nyumba ilifuata mashine. Mtu akiondolewa kwenye pele kwa ugonjwa, familia yake ilifunga mizigo, na wengi walirudishwa Kasai na watoto wao katikati ya masomo.

"Mama," Muamba alimgeukia Bilonda, "karatasi uliandika muzuri?"

"Ndiyo, tata," alijibu.

Tangu hapo Bilonda hakutulia. Aliteka maji robineni, kwenye bomba la kambi, akasahau ndoo. Alifagia uwanja mara mbili, akaanza mara ya tatu mpaka mama yake akamwuliza anatafuta nini. Jumanne alimkuta baba yake akipigilia misumari kwenye sanduku la mbao, yeye ambaye daima alipiga mluzi akifanya kazi za mikono, na siku hiyo hakupiga. Shuleni alihesabu: Jumanne, Jumatano, kisha treni. Sirene ilipolia saa nane alishtuka kana kwamba imemwita jina. Alijiambia labda ni kweli baba ana ugonjwa, labda karatasi haina makosa. Lakini alijua kilichoandikwa, na alijua kilicholiwa. Usiku hakupata usingizi.

Jumatano, wakati wa mapumziko, wenzake walikwenda kuruka kamba. Yeye alitoka langoni na kukimbia mpaka dispanseri. Muuguzi Omer alikuwa akipanga chupa.

Bilonda alisimama mlangoni akihema. Alikuwa ametunga maneno mengi njiani, na yote yalipotea.

"Tata Omer, zile saa ni za uongo," alisema. "Ni za ubaoni. Tata yangu hakulake vile hata siku moya."

Muuguzi hakufoka, na hilo lilimwumiza Bilonda zaidi kuliko kufokewa. Aliweka chupa chini, akavuta karatasi tupu na penseli, akamwambia aanze upya, tangu alfajiri. Bilonda alieleza yote huku machozi yakimtoka: bukari kabla ya kulala, kuamshwa saa sita, gamela ya usiku, watoto kungoja. Muuguzi aliandika bila kuinua kichwa. Alipomaliza alihesabu kwa ncha ya penseli. Bukari nne kwa siku moja, na mbili kati ya hizo zililiwa usiku wa manane na alfajiri.

"Juu ya nini ulificha?" aliuliza.

"Nilisikia haya."

Muuguzi akamweleza jambo ambalo Bilonda hakulisahau. Alisema kwa miaka sita amekuwa akiwapima watu wa mgodi na kuandika kwenye daftari lake, na wanaoongezeka haraka ni wale wanaokula sana wiki za usiku.

"Unaona, mwili nao iko na poste yake," alisema. "Muchana inafanya kazi, inachoma kile ulikula. Usiku inapunguza moto, hata kama wewe uko macho. Ukiitilia bukari mingi ile saa, ao ukikula na kulala palepale, haiwezi kuimaliza. Inaiweka kwa stoki, na stoki njo ile mafuta unaona kwa tumbo. Wingi wa chakula ni kintu, lakini saa nayo ni kintu."

Aliahidi kuzungumza na daktari mchana uleule. Lakini alikuwa na sharti: karatasi ya kweli isomwe kwanza mbele ya Muamba, na msomaji awe aliyeandika ya uongo. Bilonda alirudi shuleni akiwa na karatasi hiyo ndani ya daftari. Mwalimu Adolphine alimwadhibu kwa kuchelewa, na kwa mara ya kwanza adhabu haikumuuma, kwa sababu alikuwa akiwaza jioni.

Jioni hiyo alisoma. Aliposema neno "uongo", Mama Mbelu aliacha kuchambua mboga. Muamba alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Kisha akamwuliza Bilonda kwa sauti ndogo kama kweli alionea haya bukari ya mama yake. Bilonda alilia tu, na baba yake akamwacha alie, maana alikuwa ameumia yeye pia.

Muuguzi Omer alifika kwa baiskeli kabla giza halijaingia. Daktari alikuwa amekasirika, alisema, lakini amekubali kuahirisha treni. Amempa Muamba mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Wakati huo ataendesha pele akiwa na msaidizi kando yake, na karatasi itaandikwa kila siku. Wiki za usiku, Muamba ale chakula chake kikubwa mchana, akishalala na kuamka. Jioni ale kiasi kabla ya kazi. Mgodini abebe karanga kidogo na ndizi, si bukari. Alfajiri anywe kikombe cha uji, basi, akalale. Na mtu yeyote asimwamshe saa sita.

Hapo ndipo Mama Mbelu aliposimama. Mume atoke kazini alfajiri, kwenye baridi hii, apewe uji kama mtoto mchanga? Wanawake wa robineni watasema nini? Watasema amemnyima mume chakula. Na chungu cha saa sita, nani atakifungua? Watoto wakae na njaa mpaka saa tisa, baba yao aamke? Alisema maneno haya kwa hasira, lakini macho yake yalikuwa na woga, kwani alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba mke mwema anajulikana kwa mvuke wa sahani ya mumewe.

Muuguzi alijua dawa, lakini chungu hakikuwa chake.

Muamba alimtazama mkewe, akatazama chungu, akamtazama Bilonda. Kisha uso wake ukalegea, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alitabasamu.

"Mbelu, kwetu nani iko mukubwa kunipita mimi?" aliuliza.

"Mama yako," mkewe alijibu bila kufikiri.

"Na mama yangu iko wapi?"

Wote wakamgeukia Bilonda.

"Mama yangu iko hapa mu nyumba," Muamba alisema. "Mimi nikilala ao nikiwa ku kazi, ye njo atafungua chungu. Nani atamukataza? Na wale ba robineni, wakuye waniulize mimi."

Bilonda alitaka kukataa. Mtu aliyesema uongo wiki tatu, atafunguaje chungu cha baba? Muamba alimjibu kwamba ndiyo maana anampa yeye, aliyeona uongo huo ulitaka kuwafikisha wapi, na penseli pia anampa yeye, atajua mwenyewe namna ya kuvishika.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka siku ileile. Wiki ya kwanza Muamba alirudi alfajiri, akanywa uji, akabaki amesimama akiangalia jiko. Mama Mbelu alimwonea huruma mara mbili akamsongea kabukari kadogo, na mara mbili Bilonda alikaandika. Saa sita ilipofika siku ya kwanza, Louis na Simone walikaa mbele ya sahani wasithubutu kuinua mkono. Bilonda alimega tonge la kwanza, akalichovya kwenye sombe. Kutoka chumbani walisikia baba yao akikoroma. Wakala kwa kunong'ona.

Wiki kadhaa zikapita, mizani ikashuka kilo moja, mbili, tatu. Halafu mwezi wa nane ikapanda nusu kilo. Asubuhi moja Muamba alikiri, huku akivua viatu, kwamba rafiki yake Kisimba alileta gamela ya bukari na samaki wa Lualaba, wakala wote wawili saa nane usiku. Alisema kwa mzaha, kisha akamtazama binti yake akiwa ameshika penseli.

"Mama, hii unaweza kuiacha," alisema. "Ni siku moya tu."

Penseli ilisimama juu ya karatasi. Bilonda alimpenda baba yake, na hakutaka kumwaibisha kwa daktari. Alifikiria sanduku la mbao, ambalo bado lilikuwa nyuma ya mlango. Kisha akaandika, kwa mwandiko uleule mzuri: "Saa nane usiku, bukari ya Tata Kisimba."

Muamba aliguna, akaenda kulala. Hakuomba tena.

Siku ya mwisho ya mwezi wa tisa joto lilikuwa kali na mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yamejaa. Muamba alivua viatu, akapanda mizani. Bilonda alisimama nje ya dirisha la dispanseri akiuma kucha, na hakuthubutu kuchungulia. Alisikia chuma kikigongana muuguzi aliposogeza uzito, akasukuma, akarudisha, akasukuma tena. Kisha akasikia sauti ya Omer ikitaja kilo tisini na tatu. Damu nayo ilikuwa imetulia. Daktari aliweka sahihi, na pele ikabaki ya Muamba bila msaidizi.

Muuguzi alitoka nje na karatasi zote mikononi. Zile tatu za kwanza zilikuwa safi. Nyingine zilikuwa na masizi, alama za vidole vya Simone, na mahali pamoja tone la mafuta. Alimwonyesha Bilonda fungu moja, kisha lingine.

"Hizi za kwanza zilikuwa za muzuri," alisema, "na zilikuwa karibu kuwatoa mu nyumba. Dokta hawezi kuponya mutu mwenye yeye hamuyui. Hizi za chafu njo zilituonyesha tata yako wa kweli, na bukari ya Kisimba ndani. Kesho ukisikia haya, sikia, lakini andika."

Muamba alikuwa amesikia. Alivaa viatu taratibu, akaongeza kwamba yeye pia alikuwa na kosa lake. Alidhani heshima ya baba ni kungojewa, kumbe watoto wake walikuwa wakilala njaa kwa ajili ya heshima hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa akilishwa usingizini. Chakula kina saa yake, alisema, na baba mwenye akili huifuata saa hiyo hata kama hayupo mezani.

Walirudi nyumbani kabla ya mvua. Kwa kuwa alikuwa ametoka poste ya usiku, Muamba aliingia moja kwa moja kulala. Saa sita Mama Mbelu aliweka chungu katikati ya mkeka, Louis na Simone wakakaa. Hakuna aliyetazama mlango wa chumbani. Walimtazama Bilonda.

Alinawa mikono, akafungua.